Kusimamishwa na gari la doria karibu na mpaka, Marekani: askari lazima awe na sababu?

Mzee wa Trela (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za barabarani.

Juzi kwenye grupu letu la madereva kulizuka ubishi mpaka watu wawili wakajitoa. Chanzo ni kijana mmoja aliyekuwa akipandisha kutoka Laredo, mji wa mpakani hapa Texas, kuja San Antonio, usiku, trela tupu. Gari la doria likamfuata maili kadhaa kimya kimya, halafu taa zikawaka. Akaulizwa uraia, akatoa grini kadi, akaambiwa safari njema. Yeye mwenyewe hakulalamika. Waliomsikiliza ndio waliowaka. Kundi moja: "Ukiwa ndani ya maili 100 za mpaka huna haki, wanakusimamisha wakijisikia." Kundi la pili: "Kama huna kosa la barabarani hawawezi kukugusa." Wote wamekosea, na kila kosa linaweza kumponza mtu, ndiyo maana nimefungua uzi.

Mimi si wakili, ni dereva. Ila kabla ya kushika usukani nilikuwa mkalimani wa mawakili wa uhamiaji hapa San Antonio, kuanzia ule mwaka 2019 Wakongo walipofika mjini kwa mamia kutoka mpakani na Kiswahili kikawa dili ghafla. Ukitafsiri maneno yaleyale kila siku, yanakukaa.

Tuanze na hizo maili 100. Sheria ya bunge inawaruhusu maafisa wa uhamiaji kupanda na kupekua magari bila hati (ruhusa ya maandishi ya jaji) ndani ya "umbali wa kuridhisha" kutoka mpaka wa nje wa nchi. Namba yenyewe ikajazwa na kanuni ya serikali: maili 100 za anga, karibu kilomita 160. Na mpaka wa nje ni pamoja na pwani, kwa hiyo Houston imo, Los Angeles imo, New York imo, jimbo zima la Maine limo. Mtu akisoma hapo anafunga kitabu na kusema tumekwisha. Lakini kanuni iko chini ya sheria, sheria iko chini ya Katiba, na Marekebisho ya Nne ya Katiba yanakataza watu kukamatwa na kupekuliwa ovyo.

Mwaka 1973 jambo hili lilifika Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Almeida-Sanchez. Huyu alikuwa raia wa Mexico mwenye kibali halali cha kazi Marekani. Alisimamishwa Barabara ya 78 huko California, kama maili 25 kutoka mpakani, gari likapekuliwa, bangi ikapatikana. Askari hawakuwa na hati wala sababu. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema hapana: palepale mpakani wana ruhusa pana, lakini doria inayozungukazunguka ndani ya nchi haiwezi kupekua gari bila idhini ya mwenye gari au sababu ya kutosha kuamini kuna kosa.

Hiyo ni kupekua. Kusimamisha tu je? Jibu lilikuja Juni 30, 1975, kesi ya Brignoni-Ponce, na ndiyo mama wa mada hii.

Jioni moja ya Machi 1973, askari wawili wa doria ya mpaka wameegesha kando ya barabara kuu namba 5, kusini mwa San Clemente, California. Pale kuna kizuizi cha kudumu, lakini siku hiyo kilifungwa kwa hali mbaya ya hewa. Giza. Wanamulika magari yanayopita kwa taa za gari lao. Likapita gari lenye watu watatu, wakalifukuza na kulisimamisha. Mahakamani walipoulizwa kwa nini, walijibu wazi: waliomo walionekana kuwa na asili ya Mexico. Basi, hakuna kingine. Abiria wawili kweli walikuwa wameingia nchini kinyume cha sheria, na dereva, ndiye Brignoni-Ponce, akashtakiwa kwa kuwasafirisha.

Serikali ilitaka ruhusa ya kusimamisha gari lolote eneo la mpakani bila kueleza chochote. Jaji Powell, aliyeandika hukumu, akaangalia ramani: San Diego na vitongoji vyake watu milioni 1.4, El Paso watu 360,000, na wengine wengi hadi Brownsville. Karibu magari yote yanayopita huko ni ya watu wanaokwenda kazini na sokoni. Ukitoa ruhusa hiyo, kila mkazi wa mpakani anaweza kusimamishwa wakati wowote. Kwa hiyo mahakama ikaweka kipimo cha kati: shuku yenye msingi. Askari wa doria anayezunguka lazima aweze kutaja mambo mahususi aliyoyaona ambayo, pamoja na hitimisho linaloingia akilini, yanamfanya ashuku kwamba gari hili limebeba watu walioingia bila ruhusa. Na sura ya Kimexico peke yake haitoshi. Dereva akashinda.

Akishakusimamisha kwa shuku hiyo, anaruhusiwa kukuuliza uraia na hali yako ya uhamiaji, na kutaka maelezo ya kile kilichomtia shaka. Kukushikilia zaidi au kufungua trela kunahitaji idhini yako au ile sababu ya kutosha.

Sasa sikilizeni kitu kinachonichekesha kila nikikifikiria. Mwaka uliofuata, 1976, ikaja kesi ya Martinez-Fuerte, kuhusu kizuizi hichohicho cha San Clemente, safari hii kikiwa wazi. Majaji 7 kwa 2 wakasema kwenye kizuizi cha kudumu hawahitaji shuku yoyote. Wanaweza kukuuliza, wanaweza kukuelekeza pembeni kwa maswali mengine ya dakika tatu hadi tano, hata kama kilichowavuta ni sura yako. Maana yake ni kwamba kama hali ya hewa ingekuwa nzuri ule usiku wa Machi na kizuizi kikawa wazi, watu walewale, gari lilelile, barabara ileile, Brignoni-Ponce asingekuwa na kesi.

Kwa hiyo ukipita kizuizi cha kaskazini mwa Laredo, au Falfurrias, au Sarita, au Sierra Blanca, usianze kumdai askari sababu. Hadaiwi. Sababu inadaiwa kwa yule aliyekutoa kwenye mwendo wako.

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Binti Ujiji

Mzee wa Trela asante, umeandika vizuri. Lakini "mambo mahususi" ni yapi? Maana mtu akitaka kukushuku hakosi cha kusema. Ukimwangalia, una wasiwasi. Usipomwangalia, unaficha kitu.

Mzee wa Trela

Dada Binti Ujiji, umegusa kidonda chenyewe. Subiri nikuletee kesi mbili, moja inaonyesha shuku ikiwa imepikwa ikaiva, nyingine utaamua mwenyewe.

Kwanza orodha aliyoiacha Powell: eneo lilivyo na umbali wake kutoka mpakani, magari ya kawaida ya barabara ile, habari za watu kuvuka hivi karibuni, mwendo wa dereva kama anajaribu kukwepa, gari lenyewe (aina zenye nafasi ya kuficha watu, au limelemewa nyuma), abiria wengi kupita kiasi, watu wanaojilaza. Hata mavazi na mkato wa nywele vimo, niamini. Jaji Douglas alikubali dereva ashinde lakini akakikataa kipimo chenyewe. Alisema mtalii aliyejaza mizigo hatapata faraja hapo, wala mtu wa kawaida mwenye gari kuukuu lililolala kwa sababu springi zimechoka.

Sasa kesi ya Cortez, iliyoamuliwa 1981. Hii hata babu yangu aliyekuwa mwindaji angeipenda. Jangwani Arizona, askari wawili walikuwa wakikuta nyayo za makundi ya watu 8 mpaka 20, zikitoka upande wa mpaka hadi Barabara kuu ya 86, halafu zinapotea karibu na jiwe la maili la 122. Katika kila kundi kuna nyayo moja inayojirudia, kiatu chenye soli ya alama za V. Wakampachika jina la Chevron. Wakapiga hesabu: hutembea wikiendi, usiku usio na mawingu. Wakianza giza likiingia, watafika barabarani kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Lazima kuna gari la kuwapokea, na litakuwa kubwa la kuficha watu. Litatoka mashariki na kurudi mashariki.

Usiku mmoja wa mwisho wa Januari 1977 wakaenda kukaa maili 27 mashariki ya pale, wakahesabu muda wa kwenda na kurudi kuwa kama saa moja na nusu. Saa kumi na nusu alfajiri ikapita pikapu yenye kibanda nyuma. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili ikarudi. Wakaisimamisha. Abiria wa mbele amevaa viatu vyenye soli ya V, na nyuma kuna watu.

Hakuna jaji aliyepinga. Mahakama ikasema iangaliwe sura nzima ya mambo, na iangaliwe kwa jicho la mtu mwenye uzoefu wa kazi ile. Hapo sina ugomvi. Wale hawakuangalia rangi ya mtu, walisoma ardhi wiki kwa wiki.

Binti Ujiji

Hiyo ni kazi ya maana. Leta ya pili.

Mzee wa Trela

Ya pili ni Arvizu. Januari 1998, kusini-mashariki mwa Arizona, karibu na mji wa Douglas. Barabara ya vumbi, mchana. Sensa iliyofukiwa ardhini ikatoa ishara kwamba kuna gari limepita njia inayozunguka kizuizi, tena saa zile askari wanapobadilishana zamu. Askari akaenda, akakutana na gari la familia, tuseme kama Noah: baba, mama, watoto watatu.

Mambo aliyoyataja: dereva alipunguza mwendo sana alipomwona. Alikaa kakamaa na hakumtazama. Magoti ya watoto wawili wa nyuma yalikuwa juu, kana kwamba wamekanyaga mzigo. Kisha watoto wote wakaanza kumpungia mkono bila kugeuka, kama wanasesere, wakiacha na kuanza tena, kwa dakika nne au tano. Indiketa ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa tena, gari likakata kona ya mwisho kabla ya kizuizi. Na gari limesajiliwa nyumba iliyo mitaa minne tu kutoka mpakani.

Mahakama ya rufaa iliyachambua moja moja kama mtu anayechagua mchele. Kupunguza mwendo? Kila mtu hupunguza akiona askari. Kutomtazama? Kawaida. Watoto kupunga? Watoto hupunga. Katika mambo kumi, saba yakatupwa. Januari 2002 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakalipindua hilo: huruhusiwi kulitenga kila jambo na kulitupa kwa kuwa lina maelezo ya kawaida. Yakusanye. Yote kwa pamoja yanatosha.

Ndani ya gari kulikuwa na bangi kilo 58, yenye thamani ya dola 99,080, na mfuko wa kwanza ulikuwa chini ya miguu ya watoto. Kwa hiyo huyo hatumlilii. Lakini kipimo hakikubaki kwake, kimebaki kwa kila familia inayopita barabara ile ikienda pikiniki na watoto wanaopunga mikono. Kesi zinazofika mahakamani ni za magari yaliyokutwa na kitu. Yaliyokutwa na maji ya kunywa na makoti huachiwa yaende, na hakuna jaji anayeyasikia.

Abdi wa Tana

Ninyi mnanichekesha. Sisi tuliokulia Garissa, basi likifika daraja la Tana wote chini, kipande mkononi, na mwenye jina na pua kama yangu anaulizwa mara mbili. Nimefika Minnesota nadhani nimeyaacha, kumbe yana jina la kizungu tu.

Mzee wa Trela

Abdi, pole ndugu yangu. Kwa lugha ya huku, ule wa darajani ni mfano wa kizuizi, siyo wa doria, na kama nilivyosema huku nako kizuizi hakidaiwi shuku. Tofauti ni wewe ukiwa unaendesha gari lako mwenyewe umeshalipita daraja maili thelathini, halafu mtu akufukuze nyuma kwa ile pua.

Nakuru Finest

Lakini sisi si Wamexico. Mtu mweusi mwenye trela atashukiwa vipi? Hii mambo haituhusu sana.

Mzee wa Trela

Inatuhusu, na zaidi ya zamani.

Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ile ya majimbo ya magharibi, ilisema kwenye kesi ya Montero-Camargo kwamba mahali ambapo wakazi wengi ni wa asili ya Kilatino, sura ya Kilatino haikuambii chochote, isihesabiwe. (Wale washtakiwa walishindwa hata hivyo, maana waligeuza magari karibu na kizuizi. Kugeuza gari mbele ya kizuizi msijaribu.)

Twende 2025. Los Angeles, doria za uhamiaji zinazunguka mitaani, vituo vya kuoshea magari, maegesho ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Julai 11, jaji wa wilaya, Maame Ewusi-Mensah Frimpong, akatoa amri: wasimsimamishe mtu kwa mambo haya manne tu, yakiwa peke yake au kwa pamoja. Rangi au asili inayoonekana. Kuzungumza Kihispania, au Kiingereza chenye lafudhi. Kuwa mahali fulani. Aina ya kazi unayofanya. Septemba 8 Mahakama ya Juu ikaisimamisha amri hiyo wakati kesi ikiendelea, bila wengi wao kueleza sababu. Jaji Kavanaugh aliandika kivyake, akairudia Brignoni-Ponce: asili peke yake haitoshi, lakini inaweza kuwa jambo mojawapo likiunganishwa na mengine. Jaji Sotomayor alipinga, pamoja na Kagan na Jackson.

Nakuru Finest, soma tena pale kwenye lafudhi. Mimi nina miaka mingi hapa na bado nikisema "three" watu wanasikia "tatu".

Nakuru Finest

Hahaha, hapo umenimaliza.

MwanaBukavu

Mukubwa, asante kwa hii. Miye niko Portland, Maine. Mexico iko mbali lakini Canada iko hapa karibu. Bibi yangu alikuwa ndani ya motokari ya rafiki wakati walisimamishwa. Ye hakuendesha. Yeye ana haki gani? Na mu basi je?

Mzee wa Trela

Kaka, abiria anahesabiwa naye amesimamishwa, hilo liliamuliwa 2007. Kusimamishwa kukiwa hakuna msingi, mkeo anaweza kupinga jambo hilo mahakamani sawasawa na dereva, hata kama gari si lake.

Basi lililo kituoni ni habari nyingine, maana hakuna aliyelisimamisha. Askari anayeingia na kuuliza anakuomba tu, na unaweza kutojibu. Mwaka 2020 kampuni ya Greyhound ilitangaza kwamba haitawaruhusu tena kukagua abiria ndani ya mabasi yake bila hati.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi anatakiwa kisheria kutembea na kadi yake ya uhamiaji. Nakala kwenye simu siyo kadi. Haki ya kunyamaza ni yako, lakini karatasi za uongo au kudai uraia usio nao ni kosa kubwa kuliko lolote mnalolijadili hapa. Nimetafsiri machozi ya watu kwa ajili ya hilo.

Mkwaju Mchungu

Mzee, hizi hukumu tamu kusoma. Saa saba usiku, maporini, taa nyuma yako, utamtajia Powell? Ukibishana unalala ndani. Haki ya kwenye makaratasi hiyo.

Mzee wa Trela

Mkwaju, pale barabarani sikushauri umtajie mtu yeyote. Simama, mikono ionekane, toa leseni. Ukiulizwa upekuzi, sema kwa upole kwamba hukubali, mara moja, kisha nyamaza. Ukisema "sawa, angalia tu", kila nilichoandika hapo juu kimekufa, kwa sababu umetoa idhini.

Na ni kweli, shuku inapimwa mahakamani, miezi baadaye, na anayepimwa ni askari: ulijua nini kabla ya kuwasha taa? Alichokikuta baadaye hakihesabiwi. Ndiyo maana nilikuwa nikiona mawakili wanauliza vitu vidogo hadi mteja anachoka. Ulikuwa mwendo gani? Alikufuata kwa muda gani? Kulikuwa na mwezi? Aliweza kuuona uso wako, au vioo vina giza? Maana askari akiandika kwamba dereva "alionekana na wasiwasi" usiku wa giza, ndani ya kichwa cha lori kilicho juu yake futi kadhaa, kuna swali la kuulizwa hapo.

Na usisahau polisi wa kawaida. Taa ya nyuma ikifa, hahitaji shuku ya uhamiaji. Kosa dogo la barabarani linatosha hata kama nia yake ilikuwa nyingine, tangu kesi ya Whren, 1996. Kagua taa zako.

Kichwa Ngumu 956

Shikamoo Mzee wa Trela. Mimi ndiye yule kijana wa trela tupu. Sikujua nimeshakuwa uzi.

Mzee wa Trela

Marahaba kijana wangu. Ulimuuliza kwa nini amekusimamisha?

Kichwa Ngumu 956

Nilimuuliza vizuri tu. Akasema nilipunguza mwendo nilipomwona, na trela lilionekana limelala nyuma.

Mzee wa Trela

Trela tupu limelala nyuma?

Kichwa Ngumu 956

Tupu kabisa. Nilikuwa nimetoka kupima mizani saa mbili kabla, karatasi ninayo.

Mzee wa Trela

Itunze. Na nyuma yake andika tarehe, saa, jiwe la maili na hayo maneno aliyokwambia, leo, kabla hujayasahau.

Siti ya Mbele

Dogo ameandika au bado? Nimekaa paleee.

Kichwa Ngumu 956

Natafuta kalamu.